Fahali Ndani ya Pipa la Mlenda

Mteja aliyeagiza rangi nyekundu nilimpenda. Aliyeagiza nyekundu na nyeupe nilimvumilia. Lakini aliyekuja na kusema doa jeusi liwe hapa, kubwa kiasi hiki, na katikati yake pawe na cheupe kidogo, huyo nilitamani kumzamisha yeye mwenyewe kwenye pipa na kukiacha kitako cha bunduki yake kikavu. Kazi yangu haikuwa kuchora. Kazi yangu ilikuwa kumwaga rangi juu ya maji, kuzamisha mti, kisha kuutoa. Kilichotoka ndicho kilichotoka. Niliwaeleza watu hivyo miaka yote ya sabini niliyokaa Mbalizi, kwa Kiswahili cha kueleweka kabisa, na hakuna aliyenisikia.

Ujuzi wenyewe niliutoa Iringa. Nilizaliwa Mlandege, na nilipomaliza shule nikapata kazi kwenye chumba cha kujalidi vitabu cha misheni. Sista mmoja mzee alinifundisha kutengeneza zile karatasi za mawimbi ya rangi zinazobandikwa ndani ya majalada. Unachemsha unga wa mwani mpaka maji yawe mazito, unadondosha rangi ya mafuta iliyolainishwa kwa tapentaini, rangi inaelea, unaivuruga taratibu kwa kitana, unalaza karatasi juu yake, unanyanyua. Karatasi inatoka imevaa. Sista alikuwa akisema hakuna karatasi mbili zinazofanana tangu dunia iumbwe, na nikijaribu kurudia moja iliyonipendeza alinichapa kidoleni kwa rula. Nilidhani ni ukali tu wa uzee.

Kisha akaja fundi seremala wa Kinyakyusa kutengeneza mbao za kubania vitabu, akazitengeneza polepole mno kwa makusudi, na mwisho akanioa. Tukahamia Mbalizi. Yeye alichonga milango, vitanda na vitako vya magobore, ule mti wote unaobeba mtutu, maana wakati ule karibu kila kijiji kilikuwa na gobore moja au mawili ya kufukuza nguruwe na nyani mashambani. Siku moja alipasua kitako cha mteja kwa haraka zake, akaziba ufa kwa gundi na vumbi la mbao. Kiraka kikaonekana kama kidonda. Mume wangu akashika tama. Nikamwambia, niachie mimi.

Mwani haukuwepo. Nikajaribu wanga wa muhogo, rangi ikazama. Nikajaribu mlenda, huu huu wa kulia ugali: nikauchemsha, nikauchuja kwa kitambaa, nikaumimina kwenye pipa lililopasuliwa kwa urefu. Rangi ikaelea, ikatanuka. Kitako nikakipaka rangi nyeupe ya chini, kikakauka, nikakizamisha kwa mshazari, polepole, ili hewa isibaki ikaacha upara. Kikatoka na mawimbi ya kahawia na meusi, kiraka hakionekani hata kwa kutafutwa. Mwenye bunduki alifurahi mpaka akasahau kwamba hakuwa ameagiza hivyo.

Hapo ndipo raha yangu ilipoishia. Watu wakaleta kila kitu. Wakaleta fimbo, wakaleta viti vya kigoda, wakaleta tochi. Mwalimu mmoja alileta redio yake ya plastiki, nikamwambia sijui plastiki itasemaje na tapentaini, akasema jaribu tu, mama. Plastiki ikalainika mikononi mwangu na kukauka na alama za vidole vyangu vyote vitano. Alisikiliza taarifa ya habari kwenye redio ile miaka mingi, na kila tulipokutana sokoni alinionyesha kiganja.

Lakini hao wote walikuwa wepesi. Mzigo wangu ulikuwa Msukuma mmoja kutoka bonde la Usangu, upande wa Madibira.

Alikuja asubuhi ya mwezi wa sita, baridi kali, amejifunga shuka juu ya koti, gobore limeviringwa kwenye blanketi begani. Mtu mrefu, wa makamo, mwenye sauti ya chini. Akaketi kwenye gogo la mume wangu bila kukaribishwa, akasema, "Mwangaluka, mayu." Mayu kwao ni mama, na mimi nilikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi. Nikamjibu Kamwene kwa Kihehe chetu, tukawa tumesalimiana bila kuelewana, na ndivyo tulivyoendelea.

Mnadani aliliona gobore la mwenzake, ambalo huyo mwenzake alilirembesha kwangu. Akasema aliona kama ngozi. Basi naye anataka ngozi, ila si ngozi yoyote. Anataka ya fahali wake.

"Ilikuwa nyeupe," akasema. "Lakini siyo nyeupe ya maziwa, nyeupe ya moshi. Hapa kwa shingo iko na doa nyekundu, ndogondogo, nyingi. Zinaenda zinapungua mpaka kwa mgongo. Hapa mbavu ya kushoto iko na nyeusi moja, kubwa. Ndani ya nyeusi iko nyeupe ndogo."

"Baba," nikamwambia, "maji hayaagizwi."

"Ndiyo, mayu. Hapa kwa shingo, doa nyekundu."

Nikamwuliza kwa nini isiwe rangi yoyote nzuri, aende zake. Akanieleza, na alieleza kwa urefu, akianzia kwa babu yake. Kwa ufupi ni hivi. Alipohama kwao kaskazini na mke na ng'ombe wachache kutafuta malisho, baba yake alimpa fahali huyo akamwambia: huyu ni ngozi yangu, kamtunze, nikikuita uje naye. Kwao mzee mwenye boma akifa huchinjwa fahali, na mzee huviringwa katika ngozi yake mbichi, hivyo hivyo anazikwa. Mzee alikuwa amejichagulia ngozi yake mapema, ikiwa bado inatembea. Fahali akafika Usangu, akazeeka vizuri, na kiangazi kilichopita simba akamla. Fisi wakamalizia ngozi. Yule bwana hakuwa na bunduki wakati ule. Gobore hili alilipata baadaye, kama ilivyo desturi yetu binadamu.

Sasa mzee anaumwa, ametuma mtu. Uje naye.

"Si upeleke fahali mwingine?" mume wangu akauliza kutoka kwenye randa yake.

Msukuma akamtazama kwa huruma. "Mzee anajua ng'ombe yake. Utampa mtu blanketi ya jirani?"

Hivyo alitaka apeleke gobore. Amwonyeshe baba yake: sikuwa na hii, ndiyo maana amekufa, leo ninayo, na rangi yake nimeiweka hapa, haikupotea. Asipomkuta mzee hai, hatakuwa na wa kumwambia. Polisi walikuwa wamempa kibali cha kusafiri na silaha, siku thelathini, kwenda na kurudi, na njia yenyewe ilikuwa basi mpaka Dodoma na kisha treni. Akanionyesha karatasi. Siku mbili zilikuwa zimeshaliwa.

Nilikubali. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba Mhehe akisikia habari za baba wa mtu hukubali lolote, kisha hukasirika wiki nzima kwa kukubali kwake. Hakukosea sana.

Mume wangu akafungua skrubu, kitako kikabaki kwetu, mtutu Msukuma akauviringa kwenye blanketi akaenda nao kwa Msukuma mwenzake aliyefanya biashara ya chumvi pale sokoni. Kila asubuhi alikuwa amerudi kwenye lile gogo. Alipoona namimina mlenda kwenye pipa akainuka nusu. "Hiyo mboga, mayu!" Nikamwambia ndiyo, ni mboga. Akaangalia sufuria nzima ikiishia pipani, akatikisa kichwa, na nadhani hapo ndipo alipoanza kunitilia shaka.

Mbeya mwezi wa sita maji hayana adabu. Rangi ikidondoka kwenye maji ya baridi inajikunja, inaganda juu vidongevidonge. Ilibidi niwashe mkaa chini ya pipa, nipime kwa kiwiko, nizime, nidondoshe. Nyeupe ya moshi nikaipata kwa kuchanganya nyeusi kidogo sana. Nyekundu nikarusha kwa ufagio mdogo upande wa shingo. Nyeusi nikamwaga kijiko kimoja mahali pa mbavu. Nikazamisha. Nilipotoa, nyekundu ilikuwa imetembea mpaka nyuma, na nyeusi imevutika ikawa mkia mrefu.

Msukuma akazunguka kile kitako mara mbili, kama wanavyozunguka ng'ombe mnadani. "Siyo yeye," akasema.

Siku nne hizo: kukausha, kukwangua kwa msasa, kupaka nyeupe ya chini, kukausha tena. Nikazamisha mara ya pili. Jamani, mara ya pili ilitoka nzuri. Nasema nzuri ya kuita watu. Mume wangu aliacha kazi akaja, mama muuza maandazi akaja, wote wakashika midomo. Madoa mekundu yalikaa shingoni kwa utulivu, jeusi likakaa ubavuni, limezungukwa na ukungu. Sijapata kutoa kitu kizuri namna ile tena.

Msukuma akazunguka. Akainama. Akaweka kidole kwenye lile jeusi.

"Nzuri," akasema. "Lakini ni ng'ombe ya mtu mwingine."

Niliingia ndani nikakaa kitandani na mikono yangu yenye rangi. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Nilimchukia yeye, nikamchukia na yule fahali, na simba nikamlaumu kwa kutomla na mwenye ng'ombe. Mume wangu akaja mlangoni. "Si uchore kwa brashi?" akasema. "Ukichora utaweka kila kitu mahali pake. Akitoka sokoni tumwambie yametoka kwa maji." Nikamwambia huo ni uongo. Akasema mgonjwa anasubiri kule, na sisi tunabishana na mlenda.

Basi nikachora, chumbani, asikoweza kuniona. Kwa siku tatu nyingine, msasa, nyeupe ya chini, kisha brashi nyembamba ya kuandikia vibao vya maduka. Niliweka kila doa kama alivyosema, na cheupe kidogo ndani ya jeusi. Nikafifisha kingo kwa kitambaa chenye tapentaini. Msukuma alipokuja kutoka sokoni nikamnyooshea kitako. Uongo wenyewe nilishindwa hata kuutamka.

Hakuzunguka safari hii. Alitazama tu, akakaa kwenye gogo. "Hii umechora," akasema.

"Si ulitaka hivyo? Doa hapa, doa hapa! Zote zipo!"

"Zipo, mayu. Lakini ng'ombe hachorwi na mtu. Rangi yake inakuja yenyewe."

Hapo maji yalizidi unga. Nilimwambia yote. Nilimwambia anataka rangi ijiendee yenyewe, halafu ijiendee pale pale anapotaka yeye, na kwamba hata Mungu hajapewa agizo la namna hiyo. Nikamwambia kibali chake kinaisha, baba yake anakata roho, na yeye amekaa kwenye gogo langu akikagua madoa. Nikamtupia ufagio wa rangi miguuni. "Pipa hilo. Rangi hizo. Zamisha mwenyewe, tuone huyo fahali wako kama atakuja!"

Mama muuza maandazi alikuwa amesimama barabarani na beseni lake kichwani, anasikiliza kila neno.

Msukuma hakukasirika. Hilo lilinikera kuliko yote. Akavua shuka, akakunja mikono ya koti, akauliza vizuri: ashike wapi, azamishe kwa upande gani. Ikanibidi nimweleze. Nikakwangua ile michoro yangu mwenyewe kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, nikapaka nyeupe ya chini, na kesho yake, jua lilipokolea, nikamwashia mkaa.

Alidondosha rangi vibaya sana. Nyekundu nyingi, nyeusi nyingi, zote mahali pamoja. Nilijizuia kumsahihisha kwa kuuma ulimi. Kisha akainama juu ya pipa akapiga mluzi. Mluzi wa chini, wa kushuka na kupanda, na baadaye akaanza kusema maneno ya Kisukuma harakaharaka, majina ya kumsifu yule fahali, yale wanayomwimbia ng'ombe wanapomtoa bomani asubuhi. Mume wangu akaweka randa chini. Msukuma akazamisha kitako huku anasema, na kabla hajavuta nikawahi kufagia rangi iliyobaki juu ya maji isishike mara mbili.

Kilikuwa kibaya. Niseme ukweli, kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Karibu chote kilikuwa chekundu, na ukanda mweupe uliopinda tumboni, na vidoa vyeusi viwili vimekaa ovyo karibu na mahali pa bega. Mapovu mawili yalikuwa yameacha upara. Nikafumba macho nikahesabu siku zilizobaki kwenye kibali, nikaona hakuna nafasi ya kukwangua tena. Nilitaka kulia.

Msukuma akazunguka mara moja. Mara ya pili. Akachuchumaa.

"Huyu siyo yeye," akasema. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Huyu ni mtoto wake."

Nikamwuliza, kwa ukali bado, amejuaje. Akaniambia fahali mweupe wa madoa mekundu akipanda jike jekundu hutoka ndama wa namna hii, na alikuwa nao wawili bomani, ila wote majike. Mzee hakumpa fahali ili amrudishe yule yule tu, akasema. Alimpa ili azae. "Mimi nilikuwa nasumbua wewe kwa kumtafuta aliyekufa," akasema. "Ndaga, mayu." Ndaga ni asante ya Kinyakyusa, aliiokota kwa mume wangu, na wala haikuwa ya kwangu wala ya kwake. Nikapaka vanishi mara mbili, mume wangu akafunga mtutu, na keshokutwa yake akapanda basi. Nilimshukuru Mungu kwa kelele. Nikasema kama kuna mteja mwingine wa ng'ombe, na aende kwa daktari wa mifugo.

Alirudi kwetu mvua za kwanza zilipoanza, akitokea bomani kwake Usangu. Nilimtambua kutoka mbali kwa urefu wake, na nikasema kwa sauti, "Ee Mungu, amebadili mawazo." Akaketi kwenye gogo. Akafungua blanketi. Ndani yake kulikuwa na mtutu mtupu na kifyatulio, na skrubu zimefungwa kwenye kitambaa.

Mume wangu akauliza kitako kiko wapi.

Alimkuta mzee hai, akasema. Alimweleza habari za simba, hakuacha kitu. Mzee akaomba aketishwe, akawekewa gobore mapajani, akalitazama karibu kabisa na macho, akapitisha kiganja toka nyuma mpaka mbele. Kisha akauliza swali moja.

"Mama yake nani?"

Watu wote waliokuwa ndani walisikia. Msukuma akamjibu, "Mama moja ya Mbalizi. Mhehe. Ana hasira kweli." Mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema basi atakuwa ndama mwenye nguvu.

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Alipokufa walichinja fahali mwingine, wakamviringa katika ngozi yake, maana alisema sasa yoyote inatosha. Lakini ndama aliagiza alale naye. Chuma cha serikali huwezi kukizika, kina namba na kina kibali. Hivyo mtoto wake alifungua skrubu mwenyewe, na mti ukawekwa ndani ya ngozi, kifuani, chini ya mikono ya mzee.

Mume wangu akainuka akaenda kutafuta kipande cha mninga, akauliza bila kugeuka kama hiki kipya atataka kirembwe. Msukuma akasema hapana, kiwe mti tu.

Nami nilikuwa nimekasirika tena, ila safari hii kwa sababu nyingine. Kuna ule mfereji wa ndani, mtutu unapolala. Hatukuwa tunaupaka vanishi, maana hakuna anayeuona na vanishi ilikuwa ya shida. Mtutu ukitolewa, mfereji unabaki wazi, mti mtupu, na unyevu wa udongo utaanzia hapo hapo. Tungekuwa tumeambiwa, ingenigharimu brashi mbili tu.

"Kwa nini hukusema?" nikamwambia. "Kwa nini hukusema kwamba mzee anaweza kwenda nacho?"

"Sikujua, mayu," akasema. "Mzee ndiye alijua."

Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikalia kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kumwona, na kwa ajili ya brashi mbili za vanishi.